Mjumbe wa Pili Hafiki Kivulini

Siku ile ilikuwa bado haijaisha. Nje ya nyumba mvua zilinyesha zikakatika, watoto waliota meno wakayang'oa, mahindi yalikwenda kinuni yakarudi unga. Lakini ndani kwa Mashavu ilikuwa alasiri ileile, na jua lileile lilikuwa limeegemea ukuta wa jikoni kama mgeni asiyejua kuaga. Ndiyo mila ya Kivulini, mji ambao haumo katika ramani yoyote, kwa hiyo msomaji asijisumbue kuutafuta. Nyumba iliyoletewa habari ya kwanza ya kifo husimamishiwa saa mpaka ifike ya pili. Mjumbe wa kwanza huja wima, mikono mitupu, akasema kilichotokea bila kutaja jina la mtu. Mjumbe wa pili huja akiyumba kushoto na kulia, nguo ya marehemu mabegani, na yeye ndiye mwenye jina. Akishalitaja, kilio hufunguliwa, mikeka hutandikwa, na saa huruhusiwa kutembea. Kabla yake hakuna aliyekufa, na mwenye kulia kabla yake amemzika mtu hai kwa machozi. Kosa hilo Kivulini hawalisamehe upesi.

Si mila mbaya, tuseme kweli. Aliyeitunga bila shaka aliwahi kumlilia mtu aliyekuwa sokoni ananunua bamia. Mtu akifia kijiji cha jirani, wajumbe wawili hufuatana, mmoja akifika wa pili yu njiani, na mambo huenda kama yanavyopaswa kwenda. Shida ilikuja watu walipoanza kupelekwa Upande wa Pili, ule uso wa dunia ulio chini kabisa ya nyayo za Kivulini, ambako huku wakipika cha mchana kule wamelala. Kutoka huko hakuna mjumbe wa pili aliyewahi kufika. Walifika wa kwanza tu, mmoja baada ya mwingine, miaka nenda miaka rudi. Ndipo pakazuka Mtaa wa Alasiri, mtaa wa wake wasio wajane na mama wasio wafiwa, ambao jua lao halitui na macho yao ni makavu kama mawe ya jiko. Mashavu alihamia mtaa huo bila kubeba hata kijiko. Alikaa palepale kwake, mtaa ukamfuata.

Mumewe, Shamte, alikuwa mchimbaji wa visima vya kusikilizia. Hivi havikuwa visima vya maji. Ni mashimo yanayochimbwa mpaka kwenye mwamba mgumu, na ndani yake hutiwa kipima mtetemo, chombo chenye uzito unaoning'inia na sindano inayoandika kila ardhi inapotikisika. Mashavu alikuwa msomaji wa maandishi hayo katika Nyumba ya Masikio, jengo la mawe lililo pembeni ya mji. Baraza la Kivulini ndilo lililomtuma Shamte Upande wa Pili akachimbe kisima kitakachotazamana na kile cha nyumbani, unyayo kwa unyayo, dunia nzima katikati. Alikwenda akicheka. Alimwambia mkewe kwamba wataongea kwa kugonga sakafu.

Maana hiyo ndiyo kazi yenyewe, na hakuna nyingine. Mtu anaweza kuitazama nyota iliyo mbali kiasi kwamba huenda imekwisha kuzimika, lakini hawezi kuona kilicho chini ya kitanda chake. Tundu refu kuliko yote yaliyowahi kutobolewa na binadamu halijamaliza hata ganda. Ni sawa na kuchokoa tunda kwa kucha na kudai umelionja. Mengine yote yanajulikana kwa kusikiliza. Ardhi ikipasuka mahali fulani, mtetemo hupita tumboni mwa dunia, na wenye masikio walioenea duniani huandika umefika saa ngapi, umechelewa wapi, umepinda wapi, wapi haukufika kabisa. Kutokana na kuchelewa na kutofika huko ndipo wanajua pana jiwe, pana majimaji, pana chuma. Shamte alipenda kusema kwamba dunia haionyeshi moyo wake ila ikiumia. Mashavu alimjibu kwamba wanaume nao ni hivyohivyo, tena dunia ina nafuu kwa sababu angalau inaandika.

Yeye ndiye aliyemfundisha Shamte habari ya mapigo mawili. Walikuwa wachumba bado, wamekaa jikoni kwa mama yake Shamte, Bi Msimu, na kulikuwa na sufuria ya uji mezani. Tetemeko, Mashavu alimweleza, hutoa mapigo mawili makubwa. La kwanza husukuma, kama watu waliopanga foleni wakati wa nyuma akimsukuma wa mbele; hilo lina mbio na linapita kila kitu, jiwe na maji. La pili hukung'uta, ubavu kwa ubavu, kama mkeka unavyokung'utwa vumbi. Hilo huja nyuma, na ndilo linaloangusha nyumba. Lakini la pili haliwezi kupita kwenye majimaji. Shamte aliuliza kwa nini. Mashavu akamsukumia sufuria ya uji, akamwambia aukung'ute.

"Uji haukung'utiki," alisema Shamte.

"Basi moyo wa dunia una uji wake," alisema Mashavu. "Chuma kilichoyeyuka, bahari nzima ya chuma. Ndiyo maana tetemeko likitokea Upande wa Pili, sisi hapa hupata pigo la kwanza tu. La pili hufia njiani. Tumekaa katika kivuli chake."

Bi Msimu, aliyekuwa akipepeta mchele karibu yao, alisema kwamba huo ni uji wa kunywewa, si wa kusomeshea, na wakaunywa. Laiti wangeuacha upoe wakaendelea kucheka mpaka leo.

Alasiri yenyewe ilianza vizuri. Mashavu alikuwa peke yake katika Nyumba ya Masikio wakati sindano iliposhtuka. Haikutetemeka ovyo kama lori likipita. Ilinyanyuka mara moja, ikachora mlima mrefu, safi, halafu vilima vyake nyuma, ikatulia. Alijua papo hapo kwamba pigo lile limetoka mkabala kabisa, kwamba limepita ganda la kule, joho la mawe lililo chini yake, bahari ya chuma, kiini, bahari tena, joho tena, ganda la huku, dunia kutoka mlango mpaka mlango wa nyuma. Katika muda wa wali kukauka mkaani lilikuwa limeshafika. Hakuwahi kuona mchoro mzuri kama ule. Aliweka kiganja kifuani akasema "Mashaallah." Kisha akafanya kama walivyofundishwa wasomaji wote: akayafuta matetemo madogo yaliyofuata, yale ya mikokoteni na vinu vya jirani, ili mlima ubaki peke yake, na akautundika ukutani.

Alipofika nyumbani alimkuta mjumbe wa kwanza amesimama mlangoni, wima, mikono mitupu. Alisema ardhi imetikisika Upande wa Pili. Alisema nyumba walizolala wachimbaji zimekaa chini. Hakutaja jina, akaenda zake, na jua likasimama ukutani.

Kilichomla Mashavu tangu hapo ni lile neno lake. Watu hulaani kinachowaua wapenzi wao; yeye alikuwa amekisifia, tena kwa jina la Mungu, kiganja kifuani. Alijaribu kulia kwa siri akashindwa. Haikuwa mila tu iliyomzuia. Kulikuwa na kitu ndani yake kilichoyeyuka siku ile, kikawa kizito na cha moto, na kila kilichokuja kumtikisa kiliishia humo. Rafiki zake walimkumbatia na hakuhisi mikono yao. Alikula akashiba. Alilala. Alijichukia kwa kulala.

Alikwenda kwa Bwana Vuai, mfungua kilio wa mji. Huyu alikuwa mtu mnene, mpole, mpenda kahawa, aliyerithi kazi kwa baba yake na kuiogopa kama mtu anavyoogopa mbwa wa kurithi. Mashavu alimweleza yote, mapigo mawili, bahari ya chuma, kivuli. Alimwambia kwamba mjumbe wa pili kutoka kule hajachelewa, ila hawezi kufika, hajawahi na hatawahi, na kwamba wanawake wa Mtaa wa Alasiri wanangojea jambo lisilowezekana. Aliomba kilio kifunguliwe kwa habari ya kwanza peke yake.

Bwana Vuai alisikiliza mpaka kahawa ikapoa. Akasema kwanza, kwa sauti ya mtu anayekariri, kwamba msiba wa kujitakia hauna kilio na kwamba waliokwenda walikwenda kwa hiari yao. Mashavu alimkumbusha kwamba walitumwa. Mzee yule akatazama mlango kama umefungwa, kisha akasema kwa sauti nyingine.

"Mwanangu, mimi si mjinga. Lakini fikiri. Mji huu hauna hata mfu mmoja Upande wa Pili. Hata mmoja. Ndiyo maana Baraza linaweza kutuma wengine kila mwaka. Nikikufungulia wewe, kesho ni mtaa mzima, na mtaa mzima ukilia kwa pamoja, nani atatumwa tena?"

"Hilo ndilo linalokuogofya?"

"Linaniogofya," alikubali. "Niletee mjumbe wa pili. Awe na nguo, asiwe na nguo, nitajua la kusema. Akilitaja jina mbele ya mtu wa nyumba hiyo, hakuna Baraza litakaloninyamazisha. Bila yeye sina mkeka wa kutandika."

Kwa hiyo hivyo ndivyo wenye nguvu wanavyotawala. Hawahitaji kumwua mtu. Hukaa tu mahali ambapo mtikisiko hauwafikii, na kisichowafikia hakikutokea. Mashavu alirudi nyumbani akiwaza hayo, akamkuta Bi Msimu ameandaa sahani tatu.

Kila siku ziliandaliwa tatu, ingawa kusema kila siku katika nyumba isiyo na kesho ni kuzungumza kwa mazoea tu. Bi Msimu alimpakulia mwanawe, akamfunikia kwa kawa, akasema Shamte akija atakuta cha moto. Hakuwa amerukwa na akili. Alikuwa mwanamke mwenye akili timamu kuliko wengi, na kwa akili hiyo alikuwa amekata shauri. Aliposikia mkwewe amekwenda kwa Bwana Vuai, aliweka kijiko chini.

"Unamharakishia nini?" aliuliza. "Wamekutuma umwue?"

Ilikuwa kweli. Siku kilio kitakapofunguliwa ndiyo siku Shamte atakapokufa. Mpaka hapo alikuwa nusu, nusu ya mtu aliyesikika mara moja, na nusu ni kitu. Mashavu alitaka haki ya kumlilia na hakutaka afe, na mambo hayo mawili hayakai kwenye chungu kimoja. Alitoka bila kula, akaenda Nyumba ya Masikio, akafungua kifuniko cha sakafuni, akashuka kwenye shimo ambalo Shamte mwenyewe alilichimba mwaka waliooana. Alilala kifudifudi juu ya mwamba, akaweka sikio.

Mwamba ulikuwa na baridi. Kisha haukuwa na baridi. Kisha haukuwapo, na Mashavu alikuwa anashuka.

Ganda alilipita upesi. Ganda la dunia ni jembamba kuliko majivuno ya walio juu yake. Aliona chini ya misingi ya nyumba kwanza, halafu mizizi, halafu makaburi ya waliopata kulilia na kuliliwa, wamelala kwa adabu, halafu maji matamu, mchanga uliokuwa bahari, mifupa ya wanyama ambao hakuna aliyewahi kuwapa majina wakiwa hai. Kila tabaka lilikuwa wakati wake. Alishuka akipita jana, juzi, enzi ya bibi, enzi isiyokuwa na bibi wa mtu yeyote, na kote huko watu wa juu wanasema "imepita," kumbe haikupita, imekaliwa tu.

Akaingia kwenye joho. Ndivyo wataalamu wanavyoliita, kwa kuwa limeuvika moyo wa dunia pande zote, na ndilo kubwa kuliko matabaka yote. Wanalijua kwa kokoto za kijani ambazo volkano huzitema mara mojamoja, kama mtu anayeropoka siri akiwa na homa. Ni jiwe, jiwe gumu kabisa, na hata hivyo linatembea, polepole kama kucha inavyoota. Linapanda likiwa la moto, likipoa linazama, na juu yake mabara yanaachana bila ugomvi. Humo Mashavu alikaa muda ambao hauhesabiki. Alikuwa mzee humo. Alikuwa mtoto anayefungiwa vitumbua kwenye jani. Alikuwa Bi Msimu, akapata uchungu wa kuzaa, akazaa mvulana mwenye kichwa kikubwa, wakamwita Shamte. Aliinusa shingo yake. Alikuwa Shamte naye, amelala nyumba ya wachimbaji, mkono mmoja chini ya shavu, anasikia mbwa wote wa Upande wa Pili wakibweka kwa pamoja na anajiuliza kwa nini. Hapo Mashavu akawa anamsemesha mumewe, maneno yote yakiwa yake peke yake.

— Uliamka? Niambie kama uliamka. Hilo tu.

— Nilisema Mashaallah. Sikujua. Ilikuwa nzuri, Shamte, ilikuwa nzuri sana, ningekuonyesha.

— Kuna viatu vyako chini ya kitanda. Navisogeza nikifagia, kisha navirudisha. Nani anavirudisha viatu vya mfu? Basi hukufa. Nani anasogeza viatu vya aliye hai bila kumwuliza? Basi hupo.

— Hukuniambia unaogopa. Ulicheka mpaka kituoni.

— Sikukujua. Miaka yote ile nilikaa juu juu, kwenye ganda. Wewe nawe ulikaa juu yangu vivyo hivyo. Usilolijua ni usiku wa giza, nami nililala karibu na usiku huo nikauwekea mto.

Halafu jiwe likaisha. Mbele yake palikuwa na ufukwe, wa huku na wa kule ukiwa mmoja, na baada ya ufukwe bahari ya chuma, nyekundu, nyeupe mahali pengine, ikijizungusha kwa uzito na bila sauti. Bahari hiyo ndiyo inayozunguka ikazalisha usumaku, na kwa usumaku huo kila dira ya kila msafiri hupata kaskazini yake. Watu huongozwa na kitu ambacho kingewaunguza, naye Mashavu aliona si ajabu. Ufukweni walikuwa wamekaa watu wengi, wameinamisha vichwa. Karibu wote walikuwa na nguo mabegani. Mashavu alizitambua baadhi ya nguo hizo: shati la mume wa jirani, kofia ya kaka wa muuza mkaa. Hao waliyumba kushoto na kulia wakiwa wamekaa, na bahari haikuwapokea.

Mmoja wao hakuwa na nguo, na hakuyumba. Alikaa wima kwenye ncha ya ufukwe kama mtu aliyemaliza kazi. Mashavu alimwendea kwa sababu alikuwa na mabega ya Shamte. Alipogeuka alikuwa na uso wa kila mtu.

Alimwuliza yeye ni nani. Akajibu kwamba yeye ni mjumbe wa pili wa nyumba ya Bi Msimu. Mashavu akasema, kwa upole wa mtu anayemweleza mgonjwa ugonjwa wake, kwamba anajua, hakuweza kuvuka, hakuna anayemlaumu, uji haukung'utiki.

"Nilivuka," alisema mjumbe.

Akamweleza. Alipofika ufukweni aliona wenzake wamekaa, akaona hata yeye atakaa humo milele, na jina alilolibeba lilikuwa linamchoma ulimi. Basi akaivua ile nguo akaiacha mchangani. Akavua na kuyumba kwake, akabaki wima, mtupu, anasukuma tu kama wa kwanza, na bahari ikamkubali. Kule katikati alikuta kiini cha ndani. Watu hudhani panapozidi moto ndipo panapozidi kuyeyuka, alisema, lakini pale si hivyo. Moto wake ungetosha kukiyeyusha kiini kile mara nyingi. Kinachokifanya kiwe kigumu ni uzito. Dunia yote imekilalia kutoka kila upande, hakina pa kumwagikia, ndipo kikawa chuma kigumu. Na kwa kuwa ni kigumu, humo ndani aliweza kutetemeka tena. Alitetemeka kwa ajili ya Shamte moyoni mwa dunia, ubavu kwa ubavu, mahali ambapo hakuna aliyemwona. Kisha akavua tena, akavuka bahari ya upande huu, akapanda. Alipotoka hakuwa na nguvu ya kuuvaa mtikisiko wake mara ya tatu. Alifika hivyo hivyo alivyo.

"Umefika wapi?" aliuliza Mashavu.

"Kivulini. Alasiri ileile, nyuma kidogo ya mwenzangu. Kwanza nilipita kwako, kwenye chombo. Niliandika mstari mdogo, mwembamba, baada ya mlima wako. Ukasema huyo ni mtu anatwanga pilipili, ukanifuta."

Mashavu alikumbuka kifutio mkononi mwake. Alikumbuka hata unga wake uliobaki karatasini.

"Halafu nikaenda nyumbani," alisema mjumbe. "Nilipewa maji. Muulize mama."

Mashavu alipanda kwa njia ambayo haikumbukiki. Alipotoka shimoni alikuwa na mchanga shavuni, na nje watu walikuwa wakivuna kitu ambacho hakuwa amekiona kikipandwa. Nyumbani, Bi Msimu alikuwa akichambua mchicha katika jua lilelile. Mashavu alikaa chini karibu naye, akachukua fungu, akachambua pia. Hakujua atumie sauti gani. Mwishowe alitumia ya kawaida.

"Mama, siku ile, baada ya yule wa kwanza, alikuja mtu mwingine?"

Mikono ya Bi Msimu iliendelea kufanya kazi. Ilitenga majani, ikatupa mashina, ikatenga majani. Alijibu baada ya kumaliza fungu zima.

"Alikuja mtu, wewe ukiwa ndani. Alisimama hapo mlangoni, wima, mikono mitupu. Nilimpa maji."

"Alisema nini?"

"Nilimwambia mjumbe wa kwanza alishakuja, hatuhitaji wa kwanza wawili. Hakuyumba, Mashavu. Hakuwa na nguo. Ungekuwa wewe ungemkubali? Mtu mkavu vile, hana hata uzi mabegani?"

"Alisema nini, mama?"

"Alikunywa maji akarudisha kikombe," alisema Bi Msimu. "Akasema jina la mwanangu. Nikamfungia mlango."

Mashavu alingojea hasira, akaona inakuja kwa mbali, na alipoitazama vizuri aliona ni yake mwenyewe, ya kifutio na unga. Wote wawili walikuwa wamemfukuza mtu yuleyule, mmoja kwa elimu na mmoja kwa mapenzi, na hakuna kati yao aliyeweza kumnyooshea mwenzake kidole. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Hawakusema afanyeje aliyekificha kilio chenyewe. Alimwambia mkwewe kwamba yeye hakulisikia jina kwa masikio yake, alilisikia chini, na la chini halihesabiki kwa Bwana Vuai. Mwenye ushahidi ni mmoja tu katika nyumba hii. Alimwambia pia kwamba hatamlazimisha, na kwamba akikataa wataendelea kupika sahani tatu mpaka mwisho wa dunia, naye ataosha vyombo bila kunung'unika.

Bi Msimu alikusanya mashina ya mchicha. Aliuliza kama kule chini kulikuwa na wengine.

"Ufukwe mzima," alisema Mashavu. "Wamekaa na nguo."

Mama yule alinyanyuka. Alinawa mikono, akajitanda kanga vizuri, akatangulia kutoka.

Bwana Vuai aliwaona wakija akajua. Hakuwakaribisha kahawa. Alikuja nao mpaka barazani kwa Mashavu, mkeka wa mila kwapani, uso umemshuka, na alipopita Mtaa wa Alasiri wanawake walisimama milangoni mmoja mmoja, maana mkeka ule haukuwahi kuonekana mtaani kwao. Bwana Vuai alimwuliza Bi Msimu, mbele yao wote, kama mjumbe wa pili amefika katika nyumba hii.

"Amefika," alisema Bi Msimu. "Hakuyumba. Alikuja amejinyoosha kama wa kwanza, nikampa maji, nikamfukuza."

Nyuma yake mwanamke mmoja alishika fremu ya mlango. Mwingine akaketi palepale kwenye vumbi. Baadhi yao walikuwa wanamkumbuka mtu fulani, alasiri fulani, mkavu, mwenye kiu. Minong'ono ilianza kisha ikakatika.

"Alimtaja nani?" aliuliza Bwana Vuai, na sauti yake ilikuwa inaomba asijibiwe.

Bi Msimu alifungua mdomo na jina halikutoka. Alijaribu tena. Mashavu alimwona akilitafuta, akilipandisha kutoka mahali pa chini sana, na alitaka kumsaidia, lakini hilo halisaidiwi. Ilikuwa ni yeye aliyempa mwanawe jina hilo, akiwa na saa chache duniani, na sasa ilibidi amvue.

"Shamte," alisema. "Shamte wangu."

Bwana Vuai akatandika mkeka. Aliutandika kombo, akaunyoosha. Halafu akamgeukia Mashavu, kwa kuwa swali la mwisho ni la mke, na akamwuliza marehemu amefariki lini.

Mashavu alitazama mkeka. Alitazama jua la ukutani, ambalo lilikuwa limeanza kushuka.

"Sasa hivi," alisema, akaketi juu ya mkeka.